Ukifika Istanbul, niangalizie Zoe

Shoga yangu mpenzi,

Assalamu alaykum. Huku hatujambo, ila joto la Tanga linatuua na Mama Asha bado anadai sahani zake. Najua nimekaa kimya mno, sababu zake tutazungumza tukionana. Nimesikia safari hii mzigo unaufuata Istanbul, si Guangzhou. Basi nina ombi, na wala si la mashuka.

Nenda Hagia Sophia, ule msikiti uliokuwa kanisa zamani. Ukishaswali chini, toka, ulipe kiingilio cha wageni, upande ghorofani, upande wa kusini. Kule mwisho ukutani kuna mozaiki ya dhahabu: Yesu kakaa katikati, mkono wako wa kushoto mfalme kashika mfuko wa fedha, wa kulia malkia. Huyo ndiye Zoe, malkia wa Bizanti, ile dola ya Warumi wa mashariki iliyotawala toka mji huohuo. Sasa mtazame yule mwanamume kichwani. Kichwa kimewekwa baadaye! Na jina lilibanduliwa, likaandikwa la Constantine Monomachos, mume wa tatu. Wasomi wengi wanaona aliyekuwepo mwanzo ni Romanos, mume wa kwanza. Uso wa Zoe nao uliguswa, lakini jina lake halikuondoka.

Kilichonichoma ni shemeji yako. Juzi mbele ya wageni kasema ule ukoo wa kifalme wa kina Basil, ami yake Zoe, ulikufa kwa tamaa ya bibi mmoja asiyeshiba wanaume. Nilinyamaza kwa sababu wageni walikuwa wake. Lakini hapana, shoga.

Basil II alifariki 1025 hana mke wala mtoto. Nduguye, Constantine VIII, alikuwa na mabinti watatu: Eudokia aliyeingia utawani, Zoe na Theodora. Wamezaliwa kasri, ndani ya kile chumba cha zambarau, na watu waliiheshimu damu hiyo kuliko maelezo. Ndiyo maana wakafungiwa ndani: atakayemwoa binti ataukodolea macho ufalme. Zoe alitolewa mara moja tu. Mwaka 1002 alipelekwa Italia akaolewe na Otto III, mfalme wa Wajerumani, akashuka Bari, anaambiwa bwana harusi kafa. Akarudishwa nyumbani, akakaa miaka mingine 26! Baba mtu alikumbuka kumwoza 1028, keshalala kitanda cha mauti, na bi harusi ana miaka kama 50. Tena Romanos mwenyewe alikuwa na mke, yule mke akasukumwa utawani ili nafasi ipatikane. Theodora alitakiwa yeye kwanza, akakataa katakata. Halafu ndiyo Zoe anadaiwa mtoto, anapakwa mafuta, anafungwa hirizi. Mche unyimwe maji mpaka uzeeke, kisha usimangwe kuwa hauzai!

Sisemi alikuwa malaika. Romanos alifia kwenye birika la kuogea, Aprili 1034, watu wakanong'ona, na Zoe akaolewa na mpenzi wake, kijana Michael, siku hiyohiyo. Hakukaa eda hata ya saa moja! Na kijana naye akamfungia ndani vilevile. Ndugu za huyo mume wakamshawishi Zoe amfanye mwana mpwa wao, Michael mwingine, ambaye babake alikuwa mtia kalafati wa merikebu. Kiti hakikupatikana ila kwa kupitia kwake, unaona? Ama mume wake, ama mwanawe.

Mwana huyo alipokalia kiti, Aprili 1042 akamnyoa mama nywele, akamtupa kisiwa cha Prinkipo. Wee! Mji ulilipuka. Psellos, aliyekuwa karani kasri siku zile, anaeleza kuwa hata wanawake ambao hawajapata kuonekana nje walimwagika mitaani wakimlilia. Theodora akaburutwa kutoka utawani, hataki, akavikwa taji humohumo Hagia Sophia. Yule Michael mwana akatobolewa macho. Basi madada wawili wakakaa kitini pamoja, na sarafu ya dhahabu ikapigwa ina sura zao wote wawili. Haikufika hata miezi mitatu. Zoe, zaidi ya miaka 60, akataka mume tena! Monomachos akaja na hawara wake, Skleraina, akampa cheo na nafasi kasri, na Zoe karidhia. Hapo ndipo na mimi ninapogombana naye. Alikuwa na dada, alikuwa na mji mzima nyuma yake, bado... basi tu.

Theodora ndiye aliyemaliza. Monomachos alipokufa 1055 akatawala peke yake, hakuolewa, hadi Agosti 1056. Alipofariki yeye, damu ile ikaisha.

Hivi wewe unaonaje, ukoo uliuliwa na Zoe au na woga wa baba na ami? Ungekuwa wewe, Skleraina ungemfungulia mlango? Utapata nafasi ya kupiga picha yenye kuonyesha shingo ya yule bwana, nimwekee shemeji yako mezani? Mzigo unatarajia kuutoa bandarini lini, na clearing utamwachia yuleyule wa Kurasini? Na nyumba ya marehemu babenu imefika wapi, kaka zako wamekubali jina lako liandikwe kwenye hati au bado wanakuzungusha? Nijibu hilo la nyumba kwanza, mengine yatafuata.

Wasalaam,
shoga yako