Magoti Yangu Hayakusema Kweli

Busia, Uganda, tarehe 9 Juni

Dada yangu mpendwa katika Kristo,

Bwana Yesu asifiwe. Barua yako imefika salama kwa mkono wa yule dereva wa lori, imekunjwa ndani ya mfuko wa simsim. Simsim mapacha wameimaliza siku ile ile, barua nimeisoma mara tatu. Namshukuru Mungu mama yako anatembea tena bila fimbo. Huku kwetu sote wazima, ila mvua imezidi na njia ya kutoka kwangu hadi sokoni ni tope tupu.

Neno uliloniuliza limenikaa kifuani wiki nzima. Umesema huko Arua akina mama walikuchagua uwe mhazini wao, ukakataa, ukawaambia, "Mimi ni nani? Sistahili." Mchungaji akakusifu mbele ya watu wote kwa unyenyekevu wako. Kisha mwishoni umeandika, kama mtu anayenong'ona: "Mbona nimesifiwa na bado sina amani?"

Nitakujibu, lakini kwanza nikusimulie yaliyonipata mimi, maana nadhani ugonjwa wetu ni mmoja.

Unamkumbuka yule binti kutoka Dabani anayejifunza cherehani kwangu. Amefikisha miaka miwili sasa. Mkono wake ni mwepesi. Mabega ya gomesi, vazi letu refu la heshima la akina mama, yale yanayotakiwa yasimame yenyewe bila kulala, anayashona vizuri kuliko mimi, na wateja wameanza kulijua hilo. Baada ya Pasaka mteja mmoja alikuja kuchukua gomesi mbili za kwanjula, ile sherehe ya kumtambulisha mchumba, mimi nikiwa nimekwenda kununua nyuzi. Niliporudi nikauliza salio, shilingi 85,000. Binti akasema, "Mama, amesema ameshakutumia kwa simu." Nikaangalia simu, hakuna kitu. Nikaangalia tena. Ilikuwa siku ya soko, kibanda kimejaa watu, wengine wanapimwa, wengine wamejikinga mvua tu. Nikasema kwa sauti ya kusikika hadi kwa muuza viatu wa jirani: "Mwizi huanza na vifungo, halafu huja kwenye pesa." Nilitaja vifungo kwa sababu mwezi wa pili pakiti moja ilipotea.

Hakunijibu. Alikuwa amebana pini mbili mdomoni. Akazitoa moja moja, akazichoma kwenye kimto chake, kisha akainama kuokota vipande vya kitambaa vilivyoanguka chini ya meza. Aliviokota vyote, hata vile vidogo ambavyo huwa tunavifagia.

Usiku, watoto wamelala, nikawasha ile simu yangu ndogo ya laini ya pili, ambayo siku hizi naiwasha tu nikitaka kuongea na shemeji ng'ambo ya mpaka. Ujumbe ulikuwa unanisubiri. Shilingi 85,000, zimeingia saa nane na dakika kumi mchana. Namba hiyo nilimpa yule mteja mimi mwenyewe, mwaka jana.

Dada, nililia. Nilipiga magoti kando ya kitanda nikamwomba Mungu msamaha, nikahisi amenisamehe, nikalala usingizi mzuri. Asubuhi nikamwita binti nyuma ya kibanda, tukiwa wawili tu. Nikampa noti ya 20,000, nikamwambia, "Ya sabuni na nauli. Pesa imeonekana, yale ya jana yaishe."

Pesa imeonekana! Utadhani ilijificha yenyewe, ikachoka, ikajitokeza. Kiswahili chetu kina maneno mengi ya kumsaidia mkosaji kujificha: imeonekana, imetokea, yamepita, shetani alipita hapa. Neno fupi "nimekosea" lilikuwepo mdomoni mwangu, nikalimeza.

Na yule binti, unajua alifanya nini? Alipiga magoti palepale kwenye tope, akaipokea noti kwa mikono miwili, akasema, "Asante, mama." Mimi niliyemkosea nimesimama. Yeye aliyekosewa yuko chini.

Unajua nilivyolelewa Iganga. Kupiga magoti nilianza kabla sijajua kusema vizuri. Nimempigia magoti mama mkwe, wazee wa kanisa, wageni wa mume wangu, wateja wenye umri. Mchungaji akija kwetu, mimi ndiye ninayepiga magoti na beseni nimnawishe mikono. Watu huniita Nalongo, yaani mama wa mapacha, nao husema, "Nalongo ana unyenyekevu." Nami nikaamini. Sidharau desturi yetu, na wanangu nawafundisha hivyo hivyo, maana ni heshima, na nyumba isiyo na heshima haikaliki. Lakini asubuhi ile nilielewa kwamba magoti yanaweza kuinama miaka arobaini na moyo usijue hata njia ya kwenda chini.

Tena kulikuwa na jambo lililoniumiza zaidi. Majirani walimsifu binti. "Ana adabu, hakukujibu hata neno." Nikaitikia. Kumbe ile haikuwa adabu peke yake. Angejibu nini, naye anakula kwangu, analala kwangu, na cheti cha ufundi kiko mikononi mwangu? Dada, tuwe waangalifu hapa. Wapo wanaolitumia neno unyenyekevu kama kamba ya kumfunga mtu mdomo: mke anayepigwa huambiwa nyenyekea, kijana asiyelipwa huambiwa nyenyekea. Bwana wetu "akatwaa namna ya mtumwa", ndivyo Paulo alivyowaandikia Wafilipi. Alitwaa mwenyewe. Kumsukuma mwingine chini halafu kumsifu kwa kuwa chini, hiyo si habari njema kwa mtu yeyote.

Nikaishi hivyo wiki tano. Naimba kwaya, natoa sadaka.

Jumanne moja nikaenda kwenye ushirika wa Walokole, wale waliookoka wa mwamko wa kiroho wa Afrika Mashariki. Najua wewe huwaona wakali, na kweli wengine ni wakali, ila kuna jambo lao ninalolipenda: hawaachi dhambi ikae gizani. Mwamko ule ulianza kwa watu kuambiana ukweli. Mwaka 1929, pale kwenye kilima cha Namirembe, Kampala, Simeoni Nsibambi, Mganda, na daktari Joe Church, Mwingereza, walisoma Biblia na kuomba pamoja kama ndugu wenye njaa moja. Fikiria wakati huo, enzi za ukoloni. Baadaye wamisionari wazungu walisimama mbele ya Waafrika wakaungama dharau yao. Hilo lilikuwa gumu kuliko kutoa pesa za kujenga hospitali.

Siku hiyo mzee wetu alitusimulia habari za Apolo Kivebulaya, yule Mganda aliyevuka kwenda Mboga, upande wa Kongo, mwaka 1896 kuhubiri Injili. Dada wa mtemi Tabaro aliangukia mkuki uliokuwa umefichwa kwenye majani marefu, akafa. Lawama yote ikamwangukia Apolo. Akapigwa, akafungwa gerezani kwa kifo ambacho hakukisababisha. Alipofunguliwa alirudi kwa watu walewale, na miaka yake ya mwisho aliimalizia huko hadi alipofariki mwaka 1933, na mtemi yule mwenyewe akaja kupokea imani. Mzee akanyamaza kidogo, akatutazama. "Kila tukisikia habari hii," akasema, "sote tunajiona Apolo. Nani hapa amewahi kuwa Tabaro?"

Sikuinua mkono. Nilirudi nyumbani na mafua ya uongo, nikalala mapema.

Kisha wakaja mahujaji. Kila mwaka kabla ya tarehe 3 Juni wanapita hapa kwa miguu kutoka Kenya kwenda Namugongo, mahali pa ukumbusho wa mashahidi wa Uganda, na kutoka mpakani bado wana karibu kilomita 200 mbele yao. Wengi ni Wakatoliki, sisi ni Waanglikana, lakini mashahidi waliokufa kwa imani wakati wa Kabaka Mwanga, mfalme wa Buganda, walikuwa wa pande zote mbili, 22 wao na 23 wetu, na miguu iliyovimba haiulizi dhehebu. Akina mama tulichemsha maji, tukatia chumvi, tukapanga mabeseni uwanjani. Binti alikuja pia, bila kuitwa. Alikaa mbele ya mzee mmoja aliyekuwa amevaa viatu vya plastiki, kisigino chake kimepasuka na soksi imegandia kwenye kidonda. Yule mzee alikuwa anavuta mguu nyuma. "Hapana binti yangu, unanuka, acha." Binti hakubishana. Alimwagia maji ya vuguvugu juu ya soksi, kidogo kidogo, hadi ikalainika, akaibandua pole pole kama mtu anayefumua mshono wa hariri bila kutoboa kitambaa. Mzee akafumba macho. Machozi yakamtoka, nami sikujua kama ni maumivu.

Nikiwa nimeshika birika, nikamkumbuka Petro, siku Yesu alipotaka kumwosha miguu. "Wewe hutanitawadha miguu kamwe." Miaka yote nilidhani Petro alikuwa mnyenyekevu pale, amezidisha tu. Lakini Yesu hakumsifu. Alimwambia, "Kama nisipokutawadha, huna shirika nami." Petro alikuwa tayari kumwosha Bwana miguu mchana na usiku. Alichoshindwa ni kuuweka mguu wake mchafu wazi, karibu na uso wa mtu mwingine. Na mimi ndiyo hivyo hivyo. Kuinama naweza, kuhudumia naweza, kubeba beseni naweza. Kuonekana nimekosa ndiko nisikokuweza.

Usiku ule nilifungua Mathayo 5, pale Bwana anaposema ukileta sadaka madhabahuni "na huku ukikumbuka ya kuwa ndugu yako ana neno juu yako", iache sadaka, uende kwanza. Anasema uende. Hasemi umwite nyuma ya kibanda.

Siku ya soko iliyofuata nilisubiri kibanda kijae. Mikono ilikuwa inatetemeka hata nikashindwa kutunga uzi kwenye sindano. Nilikuwa nimepanga nipige magoti mbele yake. Kisha nikaona hapana. Nikimpigia magoti mtoto wa miaka kumi na tisa mbele ya watu, wote watanihurumia mimi, naye atalazimika kuniinua na kunibembeleza, na mambo yatakuwa yangu tena. Nikasimama. Nikasema: "Wale mliokuwepo baada ya Pasaka mlinisikia nikimwita huyu mwizi. Si mwizi. Pesa ilikuwa kwenye simu yangu. Nilijua usiku ule ule, nikanyamaza wiki sita. Nimemkosea." Na vifungo je, akauliza muuza viatu, maana alikuwa amekumbuka. Nikasema vifungo sijui vilikwenda wapi, lakini sikuwa na ushahidi wowote, na hilo pia nimekosea.

Binti alisimamisha cherehani. Alisema tu, "Nimesikia, mama." Akaendelea kushona.

Mama mmoja wa kanisani amenionya kwamba nimejivunjia heshima, kwamba sasa atanipanda kichwani. Hajanipanda. Anakuja saa ile ile, anafagia, anafanya kazi yake.

Sasa turudi kwako. Naomba usinikasirikie, naandika kwa upendo. Nilipoisoma barua yako nilimsikia Petro. Wewe umeshika daftari la duka la baba yako tangu tukiwa wasichana, na sikumbuki siku hesabu ilikushinda. Kusema "sistahili" mbele ya watu wanaokujua hivyo, dada, hakukuwa kweli, na ndiyo maana sifa za mchungaji zilikuchoma. Nadhani uliogopa. Uliogopa siku moja shilingi elfu tano zitapungua, daftari litasomwa kwa sauti, na watu wakutazame. Ukasitiri uso wako kwa neno zuri, kama mimi nilivyousitiri kwa noti ya 20,000.

Ikiwa nimekosea kuhusu hilo, niambie, nitakuomba radhi. Ikiwa sijakosea, nenda kwa akina mama uwaambie, "Kazi hii naiweza, lakini naogopa kukosea mbele yenu." Kisha waache waamue. Pengine wameshapata mhazini mwingine, na hapo itakubidi ufurahi naye na kumsaidia kupiga mistari ya daftari. Hilo nalo linauma, najua.

Nilisahau kukuambia. Zamani binti alikuwa anaimba akishona, nyimbo za kanisani kwao, sauti ndogo inayofuata mwendo wa mguu kwenye pedali. Tangu siku ile baada ya Pasaka hajaimba. Nilidhani nikishaungama ataanza tena. Bado. Ananijibu vizuri, anacheka na wateja, ila cherehani yake inakwenda kimya. Nimejizuia kumuuliza, kwa sababu naona hiyo itakuwa njia nyingine ya kumtaka anihudumie. Kila asubuhi nafungua kibanda mapema, namwekea chai ya maziwa na chapati, nakaa kwenye cherehani yangu, nasikiliza.

Msalimu mama yako, mwambie gomesi yake ya buluu iko tayari, nitaituma kwa dereva Ijumaa. Nimeizidishia sentimita tatu kiunoni, maana umesema amenenepa. Mabega ameyashona binti.

Dada yako akupendaye,
Nalongo