Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti kwa Wanachama: Vibustani vya Mtaani na Suala la Mchicha

Ndugu wajumbe wa kamati, wazee wetu, akina mama, na ninyi vijana mliosimama huko nyuma wakati viti vipo: asalaam aleikum, Bwana Yesu asifiwe, na mambo yenu.

Kazi za kawaida nitazipitia haraka kwa sababu mlizifanya wenyewe, au angalau mlipita mkaziona. Mwaka huu tulisafisha na kupanda sehemu ndogo 23 hapa Sinza, Dar es Salaam: vishimo vya miti iliyokufa kando ya barabara, kona za mitaro, mashina ya nguzo, na vipande vilivyobaki wazi tangu wamachinga walipohamishwa mwaka 2021. Zilizo hai ni 16. Tatu zimegeuka vijiwe vya bodaboda. Nne zimekufa, na vifo vyake vyote vinaeleweka.

Ya kwanza iliwekewa samadi ya kuku iliyotoka bandani siku hiyo hiyo, ikaunguza mizizi ndani ya wiki moja. Samadi ya kuku ni kali kuliko ya ng'ombe. Isipokaa miezi mitatu ikaoza hadi ikose harufu, haifai kugusa mche. Ya pili ilimwagiliwa maji ya kisima yenye chumvi hadi ncha za majani zikakauka na kuwa kahawia. Visima vingi vya Dar vina chumvi, kwa hiyo onja maji kabla ya kumwagilia. Ya tatu ilikuwa nyuma ya banda la mama ntilie: maji ya vyombo yenye sabuni na mafuta asubuhi, majivu ya mkaa jioni. Tumeongea naye, amekubali kumwaga upande wa pili. Ya nne ilipandwa juu ya kifusi bila kukitoa. Vumbi la saruji huufanya udongo kuwa na chokaa nyingi, mche unageuka njano hata ukiumwagilia kila siku.

Kanuni nairudia kwa faida ya wanachama wapya. Chimba sentimita 30, usizidishe, maana chini kuna mabomba ya maji na nyaya ambazo hakuna mwenye ramani yake. Toa kifusi chote. Changanya ndoo 2 za udongo mweusi, ndoo 1 ya samadi ya ng'ombe iliyooza na ndoo 1 ya pumba za mpunga. Panda jioni, mwagilia lita 3 kwa kila mche, kisha funika udongo kwa makumbi ya nazi yaliyochambuliwa, unene wa sentimita 5. Makumbi tunayapata bure kwa wauza madafu, tena wanatushukuru kwa kuwaondolea. Kwenye njia panda usipande kitu kitakachozidi urefu wa goti, dereva anatakiwa kuona. Chini ya nyaya za umeme usipande mti wowote, hata ukiambiwa ni mfupi.

Matairi nayo. Kila tairi litobolewe matundu 5 chini, ya kupita kidole gumba, na mdomo wa juu ukatwe wote. Tairi lisilokatwa mdomo hushika maji kwenye ule mkunjo wa ndani hata kama limejaa udongo, na humo ndimo anamozaliwa mbu wa dengue, yule anayeuma mchana. Jiji hili lilipata mlipuko wa dengue mwaka 2014 na mwingine 2019. Sitaki siku moja bwana afya aje kunionyesha viluwiluwi ndani ya kazi ya chama.

Vidonge vya mbegu, sehemu 5 za udongo wa mfinyanzi, 1 ya mboji na 1 ya mbegu, vilitupwa kabla ya masika kama kawaida. Vilivyoangukia penye majani makavu viliota. Vilivyoangukia ardhi ngumu vililiwa na sisimizi.

SUALA LA MCHICHA

Ndugu wanachama, sasa nifike kwenye jambo ambalo najua ndilo lililowaleta wengi leo, maana kwa mahudhurio tuliyozoea ukumbi huu haujai.

Mwezi Julai kamati yenu iliamua mchicha, matembele na chainizi zote zilizokuwa kando ya barabara kubwa zing'olewe, sehemu 7 kwa jumla, na mahali pake ipandwe vinka, mishubiri na bogenvilia. Kazi hiyo niliisimamia mwenyewe kuanzia alfajiri. Tangu siku hiyo nimeitwa dikteta, nimeitwa adui wa wanyonge, na kuna aliyeandika kwenye kundi letu la simu kwamba mafungu ya mchicha yalionekana nyumbani kwa mwenyekiti. Mchicha ule ulitiwa kwenye viroba ukaenda na gari la taka. Mweka hazina alikuwepo.

Sababu yetu ni hii. Kwa miaka mingi magari yalitumia petroli yenye madini ya risasi. Nchi za Afrika kusini mwa Sahara ziliachana nayo mwanzoni mwa 2006, lakini risasi haiozi wala haisombwi kirahisi na mvua. Hukaa juu juu, kwenye sentimita chache za mwanzo za udongo, na mizizi ya mchicha haiendi mbali na hapo. Ongeza vumbi la breki na la matairi, ongeza rangi kuukuu inayobanduka kwenye mageti. Mboga ya majani ndiyo mbaya zaidi, kwa sababu jani ni pana, liko chini, na tunalila lenyewe. Ingekuwa nyanya au papai, tungeweza kubishana, kwa vile tunda hupokea risasi kidogo kuliko jani. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi kwenye damu ya mtoto kinachojulikana kuwa salama. Na hapa hapa jijini, kwenye bonde la Msimbazi, watafiti wamepima mboga zinazolimwa humo wakakuta metali nzito.

Wapo waliosema tuoshe kwa maji ya chumvi. Kuosha kunaondoa vumbi la juu ya jani, na ni vizuri kuosha, lakini hakuondoi kilichoingia ndani kupitia mizizi. Wapo waliosema tuchemshe. Kuchemsha kunaua minyoo na vijidudu, na hilo lenyewe lilikuwa tatizo la pili, maana kuna mwanachama (simtaji) aliyekuwa akimwagilia kwa maji ya mtaro. Mtaro wa kwetu kila mtu anajua unapokea nini usiku mvua ikinyesha na watu wakafungulia vyoo. Risasi haichemki ikaisha.

Wapo pia walioniletea mfano wa Ron Finley wa Los Angeles, aliyepanda mboga kwenye ukanda wa kando ya barabara mwaka 2010, jiji likamwonya kwa kulima bila kibali, akapambana na baadaye kanuni zikalegezwa. Namheshimu sana bwana huyo. Lakini yeye alipanda mbele ya nyumba yake, akaangalia mwenyewe anachovuna na nani anavuna. Sisi tumepanda ambapo daladala zinapiga honi na kutoa moshi kuanzia saa kumi na moja alfajiri, na mchicha wenyewe ukifika wiki ya nne unang'olewa usiku na mtu ambaye asubuhi anauuza gengeni kwa jirani asiyejua ulikotoka. Mtoto wa jirani huyo akipata madhara, ni jina la nani litatajwa? Siyo la aliyeandika kwenye kundi la simu.

Swali la kwa nini hatukupima udongo kwanza nalijibu. Ni kweli udongo wetu haujapimwa. Maabara zipo. Kipimo ni pesa na pesa ni ada, na nitakapofika kwenye ada mtaelewa kwa nini kamati ilichagua kung'oa kwanza. Udongo ukipimwa ukaonekana safi, mchicha utarudi, unaota wiki nne tu.

Na si kwamba kamati inachukia mboga. Tulitoa njia nyingine siku ile ile, ila hakuna aliyeisambaza hiyo. Mboga zihamie vichochoroni, mita 30 au zaidi kutoka barabara kubwa, kwenye magunia yenye udongo ulioletwa kutoka nje. Sita tayari yanafanya kazi nyuma ya msikiti na mtu yeyote anaweza kwenda kuyaona. Chukua gunia la kilo 100, kunja mdomo wake kwa nje. Tafuta kopo la rangi la lita 4 lisilo na kitako, lisimamishe katikati ya gunia, ulijaze kokoto. Zunguka kopo kwa udongo uliochanganywa na samadi hadi ufike mdomo wake, kisha livute juu taratibu, kokoto zibaki chini, ujaze tena. Rudia hadi gunia lijae. Unabaki na nguzo ya kokoto katikati inayopeleka maji mpaka chini. Bila nguzo hiyo maji yanaishia juu, miche ya pembeni ya chini inakauka huku ya juu inaoza. Kosa tuliloliona ni kokoto zenye mchanga: mchanga unaziba nafasi, nguzo inageuka ukuta. Zioshe kwanza. Toboa pembeni kwa kisu matundu yaliyoachana sentimita 15, yapishane mstari kwa mstari, upenyeze miche ya matembele au spinachi. Mchicha wa kung'oa uwe juu tu. Maji lita 10 asubuhi, na kipindi cha joto la Januari na Februari lita 5 nyingine jioni. Gunia la plastiki linapigwa na jua, baada ya mwaka mmoja hivi linachanika, kwa hiyo liweke penye kivuli cha mchana.

Faida nyingine ambayo wakosoaji hawaitaji ni maji. Mchicha kando ya barabara ulitaka kumwagiliwa kila siku, na waliokuwa wanamwagilia ni walewale wanne. Vinka ikishashika mizizi inatosheka na maji mara mbili kwa wiki, inaota hata kwenye ufa wa zege, na mbuzi haili kwa sababu ina sumu. Mishubiri haitaki hata hayo. Tangu Julai hatujapoteza sehemu hata moja kati ya zile 7.

Kuhusu kwamba uamuzi haukupitia mkutano mkuu: mkutano uliitishwa Juni, kwa tangazo la wiki mbili, na ajenda ya kwanza ilikuwa mchicha. Akidi kwa katiba yetu ni nusu ya wanachama, yaani 32. Walikuja 17. Katiba inaipa kamati mamlaka ya kuamua jambo la afya na usalama akidi isipotimia. Nimepitia daftari la mahudhurio, na kati ya waliosaini barua ya kunilalamikia, waliokuwepo Juni ni wawili.

MAHUDHURIO NA ADA

Hapo sasa. Siku ya kupanda ya Aprili walikuja 14. Siku ya kuzibua vishimo, 9. Siku ya sherehe, yenye soda na sambusa, walikuja 41, na baadhi walikuja na wageni. Majembe tunayo 8, na mwaka mzima hayajawahi kushikwa yote kwa siku moja.

Ada ni shilingi 2,000 kwa mwezi. Wanachama tuko 64. Waliolipa mwaka mzima ni 19. Waliolipa nusunusu ni 23, jumla yao 214,000. Wasiolipa hata senti ni 22, na humo wamo watu wanaochangia sana kwa maneno. Tulitarajia 1,536,000, tukapata 670,000, deni ni 866,000. Ukiongeza kiingilio cha wanachama wapya 4, shilingi 20,000, na mchango wa 150,000 kutoka kwa mwenye duka la vifaa vya ujenzi, mapato yote ni 840,000.

Matumizi: udongo na samadi 310,000, miche 185,000, madumu, ndoo na matengenezo ya toroli 142,000, guta la kubebea 96,000, mengineyo 58,000. Jumla 791,000, salio 49,000. Najua kuna watakaouliza mengineyo ni nini. Ni vocha na nauli za mwenyekiti kwenda ofisi ya serikali ya mtaa na kurudi, risiti anazo mweka hazina, na nauli za miezi mitatu ya mwisho sikuzidai.

Nauli hizo zilizaa kitu. Mwenyekiti wa mtaa hakutupa barua, lakini ametamka mbele ya mjumbe wetu kwamba vibustani vya maua havitaguswa madhali havizibi mtaro wala njia ya waenda kwa miguu. Wanaosema tumesaliti asili ya kupanda kwa kuvizia, yaani kupanda bila kibali kwenye ardhi isiyo yako, wakumbuke Liz Christy na wenzake wa New York: walivamia kiwanja kilichojaa takataka kwenye kona ya Bowery na Houston mwaka 1973, na mwaka uliofuata jiji likawapangisha kwa dola 1 kwa mwezi. Tungekuwa bado na mchicha barabarani, nisingekuwa na uso wa kwenda kuomba chochote pale ofisini.

MWELEKEO

Mwaka ujao, Mungu akitujalia, tunatarajia kupata tangi la maji, toroli la pili, na ikiwezekana kupima udongo wa sehemu angalau mbili. Kuna mazungumzo na shule moja ya jirani, yanaendelea vizuri. Upande wa pili wa barabara tunauangalia pia.

Vidonge vya mbegu vya masika vitatengenezwa Jumamosi ya kwanza ya Machi, saa moja asubuhi. Kila mmoja aje na dumu lake la lita 20 lenye maji yasiyo na chumvi. Soda haitakuwepo. Mweka hazina amekaa pale mlangoni na daftari lake, na atakuwa pale pale mkitoka.

Naomba kuwasilisha.

Mwenyekiti