Mkanda wa paji la uso haupimi akili ya mtoto

Bwana Mhariri,

Jumapili iliyopita, tukitoka kanisani hapa Kadutu, nilimkuta jirani yangu na mwanawe kwenye meza ya kijana mmoja. Mtoto alifungwa mkanda kwenye paji la uso, akaonyeshwa picha kwenye simu. Dakika tano, dola 10, na jibu: mawimbi ya ubongo wake yaitwayo gama ni mengi, ana akili. Mwenzake aliyefuata akaambiwa yake ni machache. Huyo alilia hadi kwao, nami naandika kwa ajili ya machozi yake.

Mawimbi ya ubongo, yaani midundo yake ya umeme, yapo kweli. Daktari Hans Berger aliyapima kwa binadamu Ujerumani mwaka 1924. Ukifumba macho, mdundo wa mara 8 hadi 12 kwa sekunde hupanda. Gama huenda mbio zaidi, kuanzia mara 30, tena ni hafifu sana. Ndiyo maana macho huivuruga.

Jicho halitulii hata ulikaze vipi. Mara moja au mbili kwa sekunde huruka mruko mdogo usioujua. Chora nukta kwenye karatasi, pembeni pakaza doa jepesi la mkaa kwa kidole, kisha kazia macho ile nukta. Doa litafifia hata lipotee. Jicho likiruka, doa linarudi. Daktari Troxler wa Uswisi alilieleza jambo hili mwaka 1804.

Sasa, kila mruko hutoa cheche ya umeme kwenye misuli ya jicho, na mkanda uko vidole viwili tu juu yake. Picha mpya ikitokea, miruko husita, kisha huzidi baada ya kama robo ya sekunde. Mwaka 2008 watafiti wa Yerusalemu walionyesha kwamba gama iliyokuwa ikinaswa kichwani wakati huohuo, ikidhaniwa ni kazi ya ubongo, kwa sehemu kubwa ilikuwa ya misuli hiyo. Walioteleza ni wataalamu wenye mashine kubwa, sembuse mkanda wa mezani?

Binti yangu ana kifafa. Alipopimwa hospitalini, fundi alimbandika nyaya kichwa kizima, halafu mbili kando ya macho. Nikamuuliza za nini. “Hizi zinachunga macho, mama, daktari asisome jicho akadhani ni ubongo.”

Wazazi wenzangu, kabla ya kutoa dola, ulizeni nyaya za macho ziko wapi. Na mama wa yule aliyelia, kama gazeti hili litakufikia: mwambie mwanao leo hii kwamba akili yake haikupimwa.

Mama wa Kadutu, Bukavu