Honi za kale: Jumamosi tunakutana

Habari za jioni wanakikundi, na shikamooni wazee wetu.

Jumamosi saa mbili asubuhi tukutane Mnara wa Saa, Arusha, kisha tunaenda taratibu hadi Tengeru. Safari hii kila mwenye honi ya zamani aje nayo, hata kama hajaifunga kwenye gari. Za mpira wa kubonyeza, kengele za kukanyaga kwa mguu, zote zije.

Ila nina neno na wenye Klaxon. Honi hii ilianza kufungwa kwenye magari mwaka 1908, na ndani yake kuna mota inayozungusha gurudumu la meno. Meno hayo yanagonga kinundu kilicho katikati ya kiwambo cha chuma, yaani bati jembamba linalotetema na kutoa sauti. Ndiyo maana sauti inapanda mota ikichanganya, halafu inashuka ukiachia. Mimi sauti ile hainichoshi kabisa!

Sasa, nyingi za zamani ni za volti 6. Ukiiunga moja kwa moja kwenye betri ya volti 12, inaweza kuungua. Yangu iliungua hivyo hivyo: kwanza harufu ya waya, kisha moshi ukatoka kwenye mdomo wa honi. Hadi leo roho inaniuma. Tafadhali angalieni volti kabla ya kuunga, na wekeni rilei, yaani swichi ya umeme inayobeba mzigo badala ya swichi ya honi, maana honi inavuta umeme mwingi na swichi yake itaungua.

Karibu na hospitali hakuna kupiga honi, hata mara moja. Tukifika Tengeru mtapiga mpaka mridhike.

Anayekuja aandike aina ya gari na honi yake hapa chini kabla ya Ijumaa jioni.