Barua kwa Sele: pedi mbili kutoka Kariakoo

Tanga, Ijumaa usiku

Sahibu yangu Sele,

Assalaam aleikum. Najua utasema huyu akiandika ana shida, na kweli ninayo, lakini kwanza pokea salamu za watu. Mama anakusalimu. Babu Mkude anakusalimu na anaidai kofia yake. Wale wa barazani wamesema nisikupe salamu zao mpaka utoe ule mchango. Haya, salamu zimeisha.

Naomba uniendee Kariakoo uninunulie pedi mbili za gemu, za kompyuta. Ligi yetu ya gemu la mpira inaanza baada ya Idd, ratiba imeshabandikwa ukutani kwa Jumbe, na pedi iliyopo hapa nyumbani ni mgonjwa. Ingekuwa imekufa kabisa ningeshukuru. Analogi ya kushoto, kile kijiti cha kumwendeshea mchezaji, inavuta. Unaiacha, hujaigusa hata kidogo, na mchezaji anaanza kujiendea taratibu kuelekea mstari wa chaki kama baiskeli yenye uma uliopinda. Juzi Jumbe kanishambulia, beki wangu wa kati kaacha nafasi, kaenda zake pembeni kusikojulikana. Goli. Sasa barazani wanasema nimehongwa.

Ningekupigia simu tu, ila nakujua. Ukisikia pedi utaingia duka la kwanza pale mtaa wa Aggrey, utaichukua inayowaka taa nyingi, na jioni utanitumia picha. Kwa hiyo soma barua hii mbele ya muuzaji kama ikibidi.

Neno kubwa ni analogi za sumaku. Kwenye boksi huwa pameandikwa Hall Effect, na zile mpya zaidi TMR. Usipoona kimojawapo, rudisha boksi mezani. Analogi za kawaida ndani yake kuna kijibati kinachosugua juu ya utepe wa kaboni. Kila ukikimbiza mchezaji kinasugua, na sisi tunasugua usiku kucha. Kaboni inalika, vumbi lake linabaki humo humo, na kompyuta inasoma umeme usio sahihi ikadhani unasukuma kijiti wakati umekiweka chini unakunywa chai. Ya sumaku haisugui. Sumaku inazunguka na kijiti, kihisio kinapima nguvu yake kwa mbali kidogo, basi. Sisemi haiharibiki. Springi inachoka, mpira wa juu unabanduka kwa majasho yetu haya ya Tanga. Lakini ule ugonjwa wa kuvuta utakuwa umeukwepa kwa sehemu kubwa.

Na usije ukanunua jina. Muuzaji atakuletea ya PS5 au ya Xbox, atakwambia orijino, mwisho wa maneno. Ni pedi nzuri kushika, sibishi, ila ndani zina analogi zile zile za kusugua. Tena ya Xbox isiyo na waya inakula betri mbili ndogo za AA, hizo nani atanunua kila wiki? Halafu za PS4 feki zimejaa madukani, boksi linafanana na la kweli mpaka unashangaa. Mimi nataka hizi: GameSir G7 SE, au GameSir T4 Kaleid, au 8BitDo Ultimate 2C. Zote zina sumaku. Kaleid ganda lake linaonyesha ndani na linawaka taa, hiyo nazisamehe taa zake.

Kwenye 8BitDo fungua macho. Kampuni hiyo ina pedi nyingine zilizopangwa kwa mtindo wa Nintendo, vitufe vya A na B vimebadilishana nafasi. Sisi tunataka A ikae chini. Ukikosea hapo nitatoa pasi kila ninapotaka kupiga shuti, na wewe ndiye utakayelaaniwa.

Ah, nikukumbushe Mzee wa PES. Bado anacheza PES, gemu la mpira la Konami, tena ile ya 2013, mwaka gani huu! Konami wenyewe walishaliacha jina la PES tangu 2021, sasa ni eFootball, na FIFA nayo tangu 2023 inaitwa EA Sports FC, yeye yupo tu na 2013 yake. Ana pedi ya bei ya chee ya USB, umbo la PS2, na inamfanyia kazi kwa sababu gemu lile lina programu yake ya pembeni ya kupanga vitufe, unapanga pedi yoyote. Alipokuja kwangu na pedi hiyo hiyo, FC haikuitambua kabisa. Tulihangaika mpaka adhana. Kumbe magemu mengi ya siku hizi kwenye Windows yanasubiri pedi inayozungumza kama ya Xbox, huo mtindo wanauita XInput, na ya Mzee inazungumza ule wa zamani. Kuna programu za kutafsiri, x360ce ni mojawapo, na Steam, lile duka la magemu la kwenye kompyuta, nayo inaweza, ila sitaki kuanza ligi kwa kutafsiri. Uliza XInput. Nyingine zina swichi nyuma yenye X na D, Logitech F310 ndiyo mfano wake, hapo unaweka X. Nilipompa pedi yangu acheze, akafika ndani ya boksi, kipa kalala, akabonyeza kitufe chake cha shuti cha PES. Kwenye FC kile ni cha krosi. Mpira ukaenda jukwaani. Kanuna hadi leo.

Waya au bila waya? Waya. Jumbe anabisha, anasema watoto watajikwaa, na kweli wanajikwaa, ila waya hauishiwi chaji katikati ya penalti. Bila waya yenye kile kidude cha kuchomeka kwenye USB si mbaya, tatizo kidude ni kidogo kama hirizi na nyumba hii ina watoto, unaijua. Blututhi usiniletee, kwenye laptopu yangu inachelewa na mimi mwenyewe nimeshachelewa kwa umri. Kama ni waya, uwe wa kuchomoa, wa Type-C. Ule uliogandishwa ukikatika shingoni ndiyo basi tena, unampelekea fundi.

Fundi kwa habari yako ameshaiona hii mbovu. Kapuliza dawa ya kusafisha, ikatulia siku chache, ikarudi kuvuta kwa hasira zaidi. Kasema anaweza kung'oa analogi na kuchomelea nyingine. Sawa, lakini atachomelea ile ile ya kusugua, tutaonana tena. Mwingine kaniambia niongeze dedizoni kwenye mipangilio, yaani kompyuta ipuuze mwendo mdogo wa kijiti. Nimefanya. Kuvuta kumepungua, ila sasa siwezi kumtembeza mchezaji taratibu, ama kasimama ama anakimbia. Ni kama… wacha tu.

Na usidhani ni ya kushoto peke yake. Ya kulia ikianza kuvuta kwenye FC wakati unakaba, inakubadilishia mchezaji bila ruhusa, unajikuta umemshika winga wakati mpira uko golini. Dogo wangu anayecheza NBA 2K, gemu la kikapu, ndiye anayeimaliza ya kulia, kule anapigia chenga na kurushia mpira kwa kijiti hicho hicho. Ndiyo maana nasema mbili. Moja yake, moja yangu, kila mtu aue ya kwake.

Kabla hujatoa hela ijaribu. Nenda na laptopu yako. Kwenye Windows andika joy.cpl, fungua, chagua pedi, utaona alama ya msalaba ndani ya kisanduku. Sukuma kijiti hadi mwisho, kiachie, uone kama msalaba unarudi katikati na kutulia. Fanya pande zote, vijiti vyote viwili; cha kulia mara nyingi utakiona kwa mistari, si kwa msalaba. Kisha bonyeza R2, kile kitufe cha nyuma kulia, nyingine wanakiita RT, polepole. Mstari wake ukisogea kidogo kidogo ni vizuri, ukiruka mara moja si dhambi kubwa kwa mpira, kwa mbio za magari ndiyo ungejuta. Muuzaji akikukataza kujaribu, msalimie uondoke. Na risiti, Sele. Risiti.

Hela nitakurushia ukishanitajia bei, usinunue kwanza ukanidai mbele za watu. Mzigo mpe konda wa basi la asubuhi, andika namba yangu juu yake, mimi nitausubiri stendi.

Sasa niambie ya kwako. Umeshahama Mbagala au bado unapigana na mwenye nyumba? Shemeji anaendeleaje na ule mguu? Kweli Bakari kaacha kazi, au ni maneno ya barazani tu? Idd unakuja, au utasema tena usafiri umepanda? Ukija utacheza ligi? Nafasi moja ipo, Mzee wa PES kajitoa kwa kununa. Na kofia ya Babu iko wapi hasa, unayo au uliigawa?

Nijibu kabla ya Jumatano, Jumbe anataka majina.

Wako,
Hamza