Mwanangu, Dipawali na watoto wa nasari ufanye hivi

Mwanangu,

Voisi yako nimeisikiliza. Kwa hiyo hapo Chake Chake, Pemba, una mtoto mmoja wa Kihindu darasani na unataka umfanyie Dipawali, ile sikukuu yao ya taa, na mwalimu mkuu kasema sawa ila usimletee mambo. Mimi nakwambia fanya, lakini fanya kidogo. Hao ni watoto wa miaka minne mitano, ukiwaletea fataki na madoido utabaki na vilio tu, na mwenye sikukuu yake wala hatoitambua.

Mwaka huu 2026 inaangukia Jumapili tarehe 8 Novemba, kwa hiyo weka Jumatatu, mtoto atakuja na habari mbichi za nyumbani. Wenzetu wanafata mwezi kama sisi, ni ule usiku wa giza totoro mwezi haupo kabisa, ila wao kila baada ya miaka miwili mitatu wanaongeza mwezi mzima ndo maana haizunguki mwaka kama Idi zetu, siku zote utaikuta Oktoba au Novemba.

Kazi yenyewe ni taa. Tafuta udongo wa wale wanaofinyanga vyetezo, kila mtoto mpe donge saizi ya ndimu, abonyeze dole gumba katikati mpaka pafanye shimo, halafu ukingo aubane upande mmoja kwa vidole viwili utoke kijimdomo, hapo ndo utambi unalala. Vitatoka vimepinda, viache hivyo hivyo usivitengeneze! Utambi ni pamba tu unaisokota kwenye kiganja, samli au mafuta kidogo, basi. Na kuwasha uwashe wewe, kimoja tu, kwenye sahani ya mchanga, watoto wakae mbali maana mitandio yao ile ya polista ikishika moto ni balaa.

Hadithi wape fupi. Paukwa pakawa, Rama na mkewe Sita walikaa mbali na kwao miaka 14, Sita akachukuliwa na Ravana mwenye vichwa kumi, Rama akaenda kumkomboa, waliporudi kwao Ayodhya watu wakawasha taa mji mzima. Vichwa kumi watakuuliza mpaka kengele ya kutoka, we jitayarishe.

Sasa wazazi. Watakuja kukuuliza mtoto anafundishwa nini, na ni haki yao, usinune. Waambie hakuna ibada hapa, ibada ina nyumba yake, kama hapa mjini Unguja hekalu lipo Hurumzi na watu wanapita mlangoni kila siku wanaenda zao sokoni. Kwa hiyo rangoli, yale mapambo yao ya sakafuni, chora maua na nyota kwa unga wa mchele uliotiwa rangi, ila zile nyayo ndogo za Lakshmi, mungu wao wa kike, wanazochora zinaingia mlangoni usizichore, ingawa watoto wangezipenda, hizo za nyumbani kwao.

Na ladu, vile vitamu vyao vya mviringo, hili usilisahau. Kuna vitamu vinavyowekwa mbele ya miungu kwanza ndo vigaiwe, mzazi wa Kiislamu akisikia mwanawe kala hivyo utaitwa kikao. Mwombe bibi yake yule mtoto kwa adabu kabisa akupikie vya skuli mbali, unga wa dengu samli na sukari, atakufahamu, wamekaa na sisi hawa tangu enzi za masultani. Tena mwite aje mwenyewe akae na mjukuu wake, mtoto akimuona bibi yake kakaa kiti cha mwalimu utamuona anavyojitutumua. Uliza pia nani karanga au korosho zinamdhuru, maana wengine hutia korosho.

Na walimu wenzio waambie ile methali ya baniani na kiatu waiache kwao siku hiyo, watoto wanadaka.

Pamba na rangi za unga nakutumia kwa boti na mtoto wa shangazi yako. Samli nunua hukohuko Pemba, ya huku siku hizi siiamini.

Mama yako