Risala ya Klabu ya Sanaa na Utamaduni kwa Mgeni Rasmi, Maonyesho ya Vinyago vya Afrika Magharibi

Ndugu Mgeni Rasmi,
Mwalimu Mkuu, walimu, wazazi na wanafunzi wenzetu,

Karibu sana. Ukutani umeona michoro yetu ya vinyago vya Wamende wa Sierra Leone na Wadogon wa Mali. Kwa kuwa muda ni mfupi, tunaomba tukueleze kimoja tu: Gelede ya Wayoruba wa Benin, Nigeria na Togo, ngoma ya vinyago ya kuwaenzi akina mama.

Wayoruba huamini kuwa akina mama wazee wana nguvu za siri za kuleta neema au balaa, hivyo wanaume huwatuliza kwa ngoma. Usiku, katika uwanja wa soko, huimbwa Efe: akina mama husifiwa, na waliokosea jamii husemwa hadharani. Mchana hutoka wachezaji, mara nyingi wawili wawili. Ni wanaume waliovaa kike. Kinyago hukaa juu ya kichwa, uso ukafunikwa kitambaa chepesi ambacho mchezaji huona kupitia humo. Miguuni ana njuga za chuma, na kila hatua sharti ilingane na mapigo ya ngoma.

Uso wa kinyago ni mtulivu. Juu yake ndipo mchongaji hujiachia: nyoka, ndege, mama muuzaji na mzigo wake, cherehani, hata pikipiki! Hilo limetufurahisha kuliko yote. Mwaka 2001 UNESCO iliitangaza Gelede kuwa miongoni mwa kazi bora za urithi usioshikika wa binadamu.

Ndugu Mgeni Rasmi, vinyago vingi vya Afrika Magharibi vimo katika makabati ya vioo huko Ulaya, bila kitambaa, bila njuga, bila wimbo. Vinatazamwa, havichezwi. Inatuuma, maana Wamakonde wetu nao wana mapiko, vinyago vya kuvaliwa kichwani na kuchezwa, na wengi wetu tumeviona pichani tu.

Klabu haina tezo wala patasi, na tunaomba utuunge mkono. Ombi letu kubwa zaidi ni hili: utusaidie kumpata fundi wa mapiko, aje pamoja na wapiga ngoma wake, akae nasi walau wiki moja wakati wa likizo. Chumba cha kulala wageni uongozi wa shule umeshakikubali, na wazazi wameahidi chakula.

Tunaomba kuwasilisha.